Leo Hapana

"Leo hapana," nahodha alisema, kisha akarudi kushona wavu wake kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Ilikuwa mwezi wa saba, saa moja asubuhi, ufuoni Diani. Nilikuwa nimeshuka na treni ya usiku kutoka Nairobi, mwezi mpevu ukinifuata dirishani njia nzima. Nikavuka Likoni kwa feri, nikapanda matatu hadi Ukunda, nikamalizia na bodaboda. Kazi niliyotumwa ilikuwa ndogo: maneno elfu moja kuhusu kuzamia baharini kwa mtu ambaye hajawahi kuzamia. Tovuti moja ya safari ilikuwa inalipa kwa neno, na mwezi ule nilikuwa na deni la nyumba. Nilihitaji kupanda boti, kuvaa mtungi wa hewa, kushuka mita chache, kuona samaki wawili watatu, kurudi juu, kuandika, kulipwa. Basi.

Na sasa mzee wa kikoi na fulana ya Harambee Stars iliyopauka ananiambia leo hapana.

Nikaangalia maji. Jua lilikuwa linawaka, na karibu na mchanga maji yalikuwa ya kijani, yametulia kama chai kikombeni. Nikamwonyesha. "Mzee, si bahari imetulia?"

"Hayo ni maji ya ndani," akasema. "Bahari ni kule." Akanyoosha sindano ya kushonea wavu kuelekea mstari mweupe, kama kilomita moja kutoka tulipokuwa. Nilikuwa nimeuona mstari ule nikadhani ni pambo. "Ile ni kusi, mwanangu. Na mwezi jana uliuona?"

Nilikuwa nimeuona. Sikuelewa unanihusu nini.

Hatua mia mbele, kijana mmoja wa ufuoni alinisikiliza vizuri zaidi. Akaniambia yule mzee ni mwoga, ameshazeeka. Yeye angenipeleka kwa nusu ya bei, na mitungi anayo. Tulikuwa abiria wawili: mimi na msichana mmoja wa kutoka Nairobi pia, aliyekuwa na siku tatu tu za likizo. Saa mbili tukaondoka.

Safari ndani ya maji ya kijani ilikuwa tamu. Nilipiga picha. Kisha tukafika pale ukuta wa mwamba ulipokatika, na boti ikasimama wima. Sijui niseme vipi tena. Mbele ikaenda juu, nikaona anga tu, halafu ikaanguka, na maji yakaingia mapajani. Injini ikakohoa. Wimbi la pili lilikuwa limeshafika kabla ya la kwanza kuondoka. Yule kijana, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anaimba, sasa alikuwa kimya kabisa, na ukimya wake ulinitisha kuliko maji. Mtungi mmoja ulijifungua kamba ukaanza kubingiria miguuni mwetu. Msichana alikuwa amenishika mkono na hatukuwa tumeulizana hata majina.

Sifa zake nampa: aliingojea nafasi kati ya mawimbi mawili, akageuza boti, tukarudi. Nilitapika njia yote. Hakurudisha pesa, wala sikuwa na nguvu ya kudai.

Mzee hakusema "nilikuambia". Alinimiminia kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, akaniacha nitetemeke mpaka niishe. Nilipoinuka kuondoka ndipo akasema: "Njoo mwezi wa pili. Siku mwezi umekatika nusu."

Nilirudi Nairobi bila makala na bila kodi ya nyumba. Lakini nilirudi na swali, na swali lenyewe lilinikera kwa sababu nilipaswa kuwa na jibu lake.

Mimi nilisoma historia. Mihula minne tu, kabla ada haijatushinda nyumbani nikaacha chuo, lakini nilisoma. Na hata kabla ya chuo, kila mtoto wa Kenya amekutana na swali hili kwenye mtihani: taja mambo yaliyowezesha biashara kati ya pwani ya Afrika Mashariki na nchi za Asia. Jibu: pepo za msimu. Alama moja. Niliandika jibu hilo shule ya msingi, nikaliandika sekondari, nikaliandika chuoni nikiongeza tanbihi. Kila mara nilipata alama yangu. Halafu siku moja hizo pepo za msimu zikaninyanyua ndani ya boti, na sikuzijua.

Tuanze na umbo la pwani yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini ya Kenya ina ukuta wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, mahali pengine nusu kilomita kutoka mchangani, mahali pengine mbili. Ndani ya ukuta maji ni mafupi. Nje yake ndiko kina kinaanza, na huko ndiko wazamiaji hupelekwa. Ndiyo maana unahitaji boti hata kama unakokwenda unakuona ukiwa umekaa chini ya mnazi. Boti hupita pale ukuta ulipokatika. Watu wa pwani hupaita mlango, na ni mlango kweli: kila kitu kinachoingia na kutoka hupita hapo, yakiwemo maji yenyewe.

Sasa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja. Maji hujaa sana na hupwa sana. Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Simama chumbani kwako uangalie dari, maji yangeifikia na kuipita. Hiyo inaitwa bamvua. Siku saba hivi baadaye mwezi huwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na tofauti hupungua hadi kama mita moja. Hayo huitwa maji mafu. Maji machache yakihama, mkondo nao hupungua.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo kila mtafuta pweza analijua: pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi. Kwa hiyo saa mbili tuliyotoka sisi, maji yote yaliyojaa ndani ya ukuta yalikuwa yanakimbilia nje kupitia mlango. Wakati huohuo kusi ilikuwa inasukuma mawimbi kuja ndani kupitia mlango uleule. Wimbi likikutana na mkondo unaokuja kinyume nalo, hufupika na kusimama wima. Hapo katikati ndipo tulipopeleka boti yenye injini moja, tukipiga picha.

Mzee aliyajua yote hayo akiwa ameketi. Hakuangalia simu. Alijua tarehe ya mwezi na alijua msimu wa upepo, na hizo ni kalenda mbili tofauti.

Hapa ndipo historia ilipoanza kunisisimua upya. Kalenda ya Kiislamu, ambayo Waswahili wameitumia kwa karne nyingi, hufuata mwezi. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndiyo sababu Ramadhani huzunguka misimu yote. Kwa mtu wa bahari kalenda hiyo ni hazina: ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi, umejua bamvua na maji mafu bila kuuliza mtu. Lakini pepo hazifuati mwezi. Pepo hufuata jua, na baharia mwenye kalenda ya mwezi peke yake angejikuta baada ya miaka michache akiingojea kaskazi wakati wa kusi.

Kwa hiyo pwani iliweka kalenda ya pili, ya jua, yenye siku 365, inayoanza na Nairuzi au Siku ya Mwaka. Jina Nairuzi asili yake ni Uajemi. Siku zake zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo, na kwa hesabu ya miongo mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha alijua wakati wa kuondoka. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado watu husherehekea Mwaka Kogwa kila mwezi wa saba. Watalii huja kupiga picha za watu wakichapana kwa migomba. Asili yake ni siku ya kuanza hesabu upya.

Na hesabu yenyewe inakwenda hivi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huja kutoka upande wa kusini, takriban Aprili hadi Septemba, na ukali wake uko Juni hadi Agosti. Katikati kuna vipindi vya mpito vinavyoitwa malelezi, upepo ukiwa haujaamua. Mwezi wa saba wangu, ulioniangukia kwa sababu ya deni la nyumba, ulikuwa katikati kabisa ya ukali.

Ujuzi huu ni wa zamani kiasi gani? Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara. Mwandishi wake anaeleza kisiwa kimoja cha pwani hii anachokiita Menouthias, ambacho wasomi wamekuwa wakibishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Anasema watu wa huko wana mashua za kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja. Halafu anataja jambo linalomshangaza: wanavua kwa vikapu, wanavitega kwenye milango ya maji kati ya miamba.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kikapu cha kutegwa mlangoni kina maana tu kwa mtu anayejua maji yatatoka saa ngapi, siku gani, na kwa nguvu gani. Mgeni aliona kikapu. Alichokuwa anakitazama ni jedwali la maji kujaa na kupwa, miaka karibu 2,000 kabla ya mtu kulichapisha. Na kikapu chenyewe bado kipo. Wavuvi wetu wanakiita lema au dema.

Mgeni mwingine alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Huyu tumesoma habari zake mpaka tukachoka, na nguzo yake bado imesimama pale mwambani. Lakini sikumbuki mwalimu yeyote akituambia tuweke safari zake mbili mezani, moja kando ya nyingine.

Safari ya kwenda: Vasco da Gama alipewa rubani na mfalme wa Malindi. Kwa muda mrefu watu walisema ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Uarabuni, lakini wanahistoria wengi leo hawakubali. Waandishi wa Kireno waliofuata walisema rubani alikuwa mtu wa Gujarat. Awe nani, alijua tarehe. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, upepo wa kusi ukianza kushika na kabla haujawa mkali. Tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut. Chini ya mwezi mmoja, bahari nzima.

Safari ya kurudi: da Gama alikorofishana na watawala wa Calicut, akaamua kuondoka bila kusubiri msimu. Aliachana na pwani ya India tarehe 5 Oktoba, wakati wa malelezi, kaskazi haijaja. Majahazi ya wenyeji wakati huo husubiri. Yeye hakusubiri. Upepo ulikufa, ukarudi, ukamsukuma nyuma. Alifika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Miezi mitatu. Katika kuvuka huko watu kama 30 walikufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, kwa hiyo São Rafael ikachomwa moto hapa hapa pwani yetu.

Bahari ni ileile, merikebu ni zilezile, mabaharia ni walewale. Kilichobadilika ni tarehe, na kukosekana kwa mtu wa kusema leo hapana akasikilizwa.

Vitabu vinamwita da Gama mvumbuzi. Kwa kipimo cha Diani alikuwa mwanagenzi mwenye haraka, kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilitapika tu.

Kuna Wareno wengine waliobaki kabisa chini ya maji yetu. Omani walipoizingira Fort Jesus kati ya 1696 na 1698, merikebu Santo António de Tanná iliyotoka Goa kuleta msaada ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Ililala pale karibu miaka 270 kabla wazamiaji wa karne ya ishirini hawajaiona. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia wakiongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa, waliichimbua chini ya maji. Vyombo walivyovipandisha viko Fort Jesus. Nimevitazama kwenye vioo vyao nikiwa na tiketi ya mwanafunzi iliyokwisha muda.

Waliweza kufika pale kwa sababu ya kifaa kilichotengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan: kifaa cha mdomoni kinachokupa hewa ya mtungi pale tu unapovuta pumzi, kwa kiasi kinacholingana na kina ulichopo. Kabla ya hapo mtu wa kawaida alizama kwa pumzi yake mwenyewe, akapanda juu. Baada ya hapo kuzamia kukawa burudani, na burudani ikahitaji kanuni. Mwaka 1966 shirika la PADI lilianzishwa Marekani, likayakata mafunzo vipande vipande na kuyawekea vyeti. Mwenye cheti cha kwanza cha bahari ya wazi haruhusiwi kupita mita 18. Asiye na cheti, anayejaribu tu akiwa na mkufunzi kando yake, mwisho wake ni mita 12.

Kenya haikuchelewa. Mwaka 1968 tulitenga hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, miongoni mwa za kwanza Afrika. Mombasa ikafuata 1986. Ndani ya hifadhi hizo uvuvi ulipigwa marufuku, na sehemu walizokuwa wanategea watu zikawa sehemu za kutazama. Wavuvi wengine waligeuka kuwa manahodha wa watalii. Kazi ilibadilika, mlango ukabaki uleule. Mwaka 2002 meli kuukuu ya kusafirishia ng'ombe, MV Dania, ilizamishwa makusudi kaskazini mwa Mombasa ili iwe mwamba wa kutengeneza, nayo imelala kwenye kina cha kama mita 30. Usipelekwe huko siku yako ya kwanza. Atakayekuahidi ana haraka kuliko wewe.

Watu wa bara wenzangu, na sisi tunahusika. Mnajua mto Nairobi, ule tunaoupita Gikomba tukiwa tumeziba pua. Unaingia mto Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwaga baharini kaskazini kidogo mwa Malindi. Wakati wa mvua unakuja na udongo wa mashamba na taka zetu zote. Wakati wa kaskazi tope hilo husukumwa kusini, kuelekea Malindi. Kwa hiyo hata msimu mzuri una masharti yake: bahari inaweza kutulia na bado usione mkono wako mwenyewe. Mtu anayeanza kuzamia anahitaji kuona. Ukiona chini, na ukimwona mkufunzi wako, moyo hutulia, na moyo ukitulia hewa ya mtungi hudumu.

Nilipoweka yote haya pamoja, nikaelewa kwamba nilichoita "hali ya bahari" kinasomwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Upepo unasomwa kwenye kalenda ya jua, mkondo kwenye kalenda ya mwezi, na uwazi wa maji kwenye mito iliyo mamia ya kilomita kutoka ufuoni. Simu itakupa namba za upepo na saa za maji, na ni vizuri uziangalie. Lakini simu haijawahi kupita mlango ule. Haijui kwamba upande wa kushoto kuna jiwe linalotokeza maji yakipwa.

Mzee wangu aliacha shule darasa la nne. Kwenye shughuli nzima ya kuzamia, iliyojaa vyeti, mihuri na fomu za kutia sahihi, neno la kwanza na la mwisho ni lake, na wakufunzi wenye vyeti wanalisikiliza. Nimefikiria sana jambo hilo, kwa sababu zangu mwenyewe. Mtu aliyeacha chuo huwa na kidonda cha karatasi. Kila fomu ya kazi inakigusa. Ningependa kuwaambia kwamba karatasi hazina maana, lakini nitawasimulia kilichotokea Februari, mtaona haiendi hivyo.

Nilirudi siku mwezi ulipokatika nusu. Asubuhi ulikuwa bado juu angani, mweupe, kama kipande cha nazi. Mzee alikuwa palepale, fulana ileile. Alinitambua, akacheka. "Mwana wa kahawa," akasema. Nikamwamkia, nikauliza. Akaangalia kule mbali. Mstari mweupe ulikuwepo lakini umelala, mwembamba. Upepo wa kaskazi ulikuwa mdogo, wa kugusa shavu tu. Maji yalikuwa yanajaa polepole, kwa hiyo boti ilielea juu ya mwamba wa ndani bila kugusa kitu.

"Haya," akasema.

Tulipita mlango ule nikiwa nimeshika ubao kwa mikono miwili. Hakikutokea kitu. Boti ilipanda kidogo, ikashuka kidogo. Nilijisikia mjinga na nikajisikia mwenye bahati.

Mkufunzi, mwanamke mdogo kuliko mimi, alinishusha taratibu kwa kamba ya nanga, akinikumbusha kwa ishara kubana pua na kusawazisha masikio kila baada ya kina kidogo. Kwenye mita tano miwani yangu iliingia maji. Nikasahau kila kitu. Nikataka kupanda juu mbio, jambo ambalo ukiwa na mtungi linaweza kukupasua mapafu kama umebana pumzi. Alinishika kifuani kwa mkono mmoja, akanionyesha kwa mwingine: pumua, inua kichwa, bonyeza juu ya miwani, toa hewa kwa pua. Maji yakatoka. Hakubahatisha, alikuwa amefundishwa hivyo, amerudia mara nyingi, na kuna karatasi inayothibitisha. Siku ile niliokolewa na cheti chake, na miezi saba kabla nilipaswa kuokolewa na mtu asiye nacho. Nahitaji wote wawili ndani ya boti moja.

Tulifika mita tisa. Tewa mmoja alinitazama kutoka kwenye tundu lake kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Kasa alipita bila haraka. Maji yalikuwa ya vuguvugu, mkondo hafifu, na nilikaa pale dakika thelathini na kitu, nikisikia pumzi yangu tu.

Tulipokuwa tunarudi ndani, tulimpita mvuvi kwenye mtumbwi, kando ya mlango, akivuta lema. Maji yalikuwa yanamchuruzika mikononi. Ndani mlikuwa na samaki watatu. Mzee alimpungia, wakapeana habari za maji kwa maneno manne matano ambayo sikuyashika.

Makala niliipeleka wiki ileile. Mhariri aliipenda, akalipa, na akakata aya moja. Alisema wasomaji wanataka bei na picha. Aya yenyewe ilikuwa hii:

Kabla hujalipa, uliza msimu: Juni hadi Agosti upande wa nje wa mwamba si mahali pa kuanzia, hata jua likiwaka. Uliza mwezi: ukiwa nusu, mkondo ni mdogo, ukiwa mpevu au mchanga, uliza mtapita mlango saa ngapi na maji yatakuwa yanakwenda wapi. Uliza kama mvua imenyesha bara. Uliza kina, na kama hujawahi kuzamia kisipite mita 12. Mwisho, uliza ni nani mwenye ruhusa ya kuvunja safari. Wakikuambia hakuna, au wakakuambia ni wewe mteja, chukua begi lako. Tafuta mzee anayeshona wavu.